Neno na Asili Yake: Cheri, karaz, kirsch na buni

Maswali ya safari hii yametoka kwa wapishi, wakulima wa kahawa na wasomaji wetu walio ughaibuni, na yote yanagusa tunda moja. Tumeanza na swali la asili ya neno kwa sababu majibu mengine yanalitegemea.

SWALI: Mimi najua "cheri" ni neno la Kiingereza. Mwenzangu kazini anabisha kwamba ni la Kifaransa, na mwalimu mmoja akatuambia sote tumekosea, ni Kigiriki. Nani mkweli? (Msomaji, Morogoro)

Wote watatu wana haki, ila kila mmoja ameshika kituo kimoja cha safari.

Kiswahili kimelipokea neno kutoka Kiingereza, *cherry*. Waingereza walilipata kwa Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, ambao tunda hilo waliliita *cherise*. Kifaransa cha leo husema *cerise*. Ile *s* ni sehemu ya mzizi wa neno, haihusiani na wingi. Lakini Mwingereza amezoea wingi unaoishia na *s*, hivyo aliposikia *cherise* alidhani ametajiwa matunda mengi, akaikata *s* ili apate tunda moja. Kufikia karne ya 14 neno lilikuwa limekwisha kusimama bila *s*. Kabla ya hapo Kiingereza cha kale kilikuwa na neno lake la tunda hilohilo, *ciris*, nalo likafa.

Mkato huo haukutokea mara moja tu. Njegere kwa Kiingereza ilikuwa *pease*, umoja; *s* ikadhaniwa ya wingi, ikabaki *pea*. Mvinyo wa mji wa Jerez, Hispania, mji ambao Waarabu waliuita Sharish, uliitwa *sherris*, leo ni *sherry*. Sisi nasi tumefanya vivyo hivyo upande wa mbele wa neno. Katika Kiarabu *kitab*, ile *ki* ni ya mzizi, ila sikio letu liliisikia kama kiambishi cha ngeli, tukapata vitabu. "Kipilefti" cha barabarani kimetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya "kaa kushoto", na leo tuna vipilefti.

Wasemaji wa Kikantoni, kusini mwa China, walifanya kinyume cha Waingereza. Walichukua wingi wa Kiingereza, *cherries*, pamoja na *s* yake, wakauandika kwa alama tatu, na ile *s* ikaangukia kwenye alama ambayo huishia majina mengi ya vitu vidogo na matunda. Kwa hiyo katika maduka ya China leo kuna maneno mawili: *yingtao*, la kale, ambalo wauzaji hulitumia zaidi kwa tunda dogo la kienyeji, na *chelizi*, kwa lile kubwa jeusi linaloagizwa kutoka nje.

Turudi nyuma ya Wanormani. *Cerise* imetokana na Kilatini cha mitaani, nacho kilitokana na *cerasus*, jina la mti, ambalo Warumi walilichukua kwa Wagiriki: *kerasos*. Warumi wa kale waliitamka *c* kama *k* siku zote. Baadaye sauti hiyo ililainika mbele ya *e* na *i*. Ndiyo maana Kiitaliano kina *ciliegia*, Kihispania *cereza*, Kireno *cereja*, wote wakiwa na sauti laini mwanzoni, ilhali Kijerumani kina *Kirsche* na Kiholanzi *kers*. Hawa wawili waliazima mapema, kabla *k* haijalainika, wakaihifadhi. Ukiona jina la cheri linaanza na *k* katika lugha ya Ulaya, basi kwa kawaida liliazimwa zamani sana au limetoka moja kwa moja kwa Wagiriki.

Na *kerasos* yenyewe? Katika pwani ya Bahari Nyeusi kulikuwa na mji wa Kigiriki ulioitwa Kerasous. Leo ni Giresun, Uturuki, na jina la sasa ni lilelile lililopinda kwa matamshi ya Kituruki. Vitabu vingi husema tunda limepewa jina la mji. Kuna hoja nzuri ya kusema kinyume. Kiishio *-ous* katika majina ya miji ya Kigiriki kilibeba maana ya mahali penye wingi wa kitu: Pityous, kwenye pwani hiyohiyo, ni penye misonobari. Kerasous basi ni penye micheri, kama sisi tunavyosema Mikocheni au Miembeni. Hakuna atakayedai kwamba mwembe umepewa jina la Miembeni. Neno la mti lilikuwepo kwanza, na wataalamu wengi huliona si la Kigiriki kwa asili, bali Wagiriki waliliokota katika lugha za Anatolia, eneo la Uturuki ya leo.

Mwandishi wa Kirumi Plinius Mzee, aliyefariki Vesuvius ilipolipuka mwaka 79, aliandika kwamba hapakuwa na cheri Italia kabla ya jemadari Lucullus kumshinda Mithridates, mfalme wa Ponto kwenye pwani hiyo ya Bahari Nyeusi, na kuleta mti huo katika miaka ya 70 KK. Habari hii hurudiwa kila mahali, lakini ipokee kwa tahadhari. Kokwa za cheri mwitu zimechimbuliwa katika makazi ya watu wa Ulaya yaliyo ya kale kuliko Roma yenyewe, na Theophrastus, Mgiriki, alikuwa ameueleza mti huo zaidi ya miaka 200 kabla ya Lucullus. Lenye mantiki zaidi ni kwamba Lucullus alileta aina bora ya kupandikizwa, yenye tunda kubwa na tamu, na jina la Kigiriki likaja pamoja nayo.

SWALI: Niandike "cheri hii" au "cheri hili"? Na wingi ni "macheri"? (Mwanafunzi, Kitui)

Mti ni mcheri, wingi micheri. Tunda wengi huliweka pamoja na ndizi na embe: cheri hii, cheri hizi. Wanaosema "macheri haya" wamefuata machungwa na mapera, na hawajavunja kanuni yoyote. Chagua moja uishike hadi mwisho wa insha. Likifuata nomino nyingine kama sifa, halibadiliki: nyanya cheri moja, nyanya cheri kumi.

SWALI: Assalaam alaykum. Huku Muscat tunaona "karaz" sokoni, lakini katika maduka ya Wairani kuna "gilas" na "albalu", na juisi ya Kituruki imeandikwa "vişne". Ni tunda moja au manne? (Msomaji, Oman)

Waalaykum salaam. Ni matunda mawili yenye majina manne.

Kuna cheri tamu, ambayo wataalamu wa mimea huiita *Prunus avium*, na cheri chachu, *Prunus cerasus*. *Karaz* ya Kiarabu na *kiraz* ya Kituruki zimetoka kwenye *kerasos* ileile tuliyoizungumza, na mara nyingi zikitajwa bila sifa humaanisha tamu. *Gilas* ya Kiajemi ni tamu. *Albalu* ni chachu, na *vişne* pia ni chachu. Waturuki waliliazima neno hilo kwa Waslavi, ambao huiita *vishnya*. (Kufanana kwa *gilas* na gilasi yetu ya kunywea maji ni bahati tu; gilasi imetokana na *glass* ya Kiingereza.)

Tofauti hii ina maana jikoni. Cheri tamu huliwa mbichi, na ukiipika sana hupoa ladha, hubaki utamu mtupu. Chachu haipendezi kinywani ikiwa mbichi, ila ikipikwa kwa sukari harufu yake hupanda. Kama mapishi ni ya Kiajemi ya wali kwa *albalu* na wewe umenunua *gilas*, punguza sukari ya mapishi kwa takriban nusu na ongeza ndimu vijiko viwili au vitatu vya chakula kwa kila nusu kilo ya tunda. Hutapata ladha ileile, lakini wali hautakuwa kama peremende.

Onyo moja. Morocco, Algeria na Tunisia cheri huitwa *habb al-muluk*, punje za wafalme, na mji wa Sefrou, Morocco, una sikukuu ya cheri tangu 1920, iliyoingizwa katika orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2012. Lakini kwa waganga wa dawa za mitishamba wa mashariki ya ulimwengu wa Kiarabu, *habb al-muluk* ni mbegu za *Croton tiglium*, dawa kali mno ya kuharisha ambayo inaweza kumdhuru mtu vibaya. Usiingie kwa muuza dawa za asili na jina hilo ukitumaini kupata tunda.

SWALI: Huku kwetu Bukavu mke na mume huitana "chéri". Je, wanaitana tunda? (Msomaji, Kivu Kusini)

Hapana. *Chéri* ya Kifaransa ni mpenzi, kutoka kitenzi *chérir*, kupenda sana, kutoka *cher*, mwenye thamani, kutoka Kilatini *carus*. Neno hilohilo *cher* ndilo linalotumika kwa bidhaa ya bei ghali. Tunda kwa Kifaransa ni *cerise*, na haliwezi kuchanganywa nalo. Mchanganyiko umezaliwa kwenye Kiswahili, ambako *cherry* ya Mombasa na *chéri* ya Bukavu vyote vimeishia kuandikwa "cheri".

SWALI: Sisi ni wakulima wa kahawa. Kiwandani tunaambiwa tulete "cheri", na mwisho wa msimu tunapeleka "mbuni" kwa bei ya chini. Maneno haya yana uhusiano gani, na kwa nini kahawa iitwe cheri? (Msomaji, Kirinyaga)

Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili neno cheri lina maisha zaidi kwenye kahawa kuliko kwenye keki, na tunashukuru swali hili.

Mkahawa na mcheri si ndugu. Mkahawa uko katika jamii ya mimea iitwayo Rubiaceae, mcheri ni wa jamii ya waridi. Jina limetolewa kwa sura: tunda la kahawa likiiva ni dogo, la mviringo, jekundu linalong'aa. Wafanyabiashara wa Ulaya waliliita hivyo, kila mmoja kwa lugha yake, *cherry*, *cerise*, *cereza*, na maneno yakahamia kwa mkulima. Rwanda wana jina lao wenyewe, *ibitumbwe*, nalo hutumika mpaka katika matangazo ya bei.

*Mbuni* lina mzizi mwingine kabisa. Kiarabu cha Yemen huita punje ya kahawa *bunn*, na kinywaji *qahwa*. Kiswahili kilichukua yote mawili: *buni* kwa punje isiyokaangwa, mbuni kwa mti wake (usiuchanganye na ndege mbuni), na kahawa kwa kinywaji, ambayo baadaye ilipanuka ikameza maana zote. Kenya, mbuni imebana maana: ni tunda lililokaushwa zima bila kumenywa. Kagera hali hiyohiyo huitwa kahawa ya maganda, na kwa robusta ya huko kukausha na maganda ni njia ya kawaida, wala si ya kutupia mabaki.

Bei hutofautiana kwa sababu ya kilichomo ndani ya tunda, kwa hiyo tulifungue. Nje kuna ganda jekundu. Chini yake kuna nyama nyembamba na ute mtamu unaonata. Kisha ganda gumu la rangi ya majani makavu, kisha utando mwembamba wa rangi ya fedha, na ndani kabisa punje mbili zilizotazamana kwa upande bapa. Pengine punje moja hudumaa na ya pili hujaza nafasi yote, ikawa ya mviringo. Wahispania huiita *caracol*, konokono, na Kenya huuzwa peke yake kwa daraja la PB (kifupi cha *peaberry*).

Cheri ikifika kiwandani, mambo yanatakiwa kwenda kwa mpangilio huu. Chambua kwa mkono na ubakize nyekundu tupu. Tumbukiza kwenye maji: zinazoelea zina punje tupu au zilizoshambuliwa na wadudu, ziondoe. Menya siku hiyohiyo ya kuchuma. Acha ute uchache kwenye tangi kwa saa 12 hadi 36, kutegemea baridi ya mahali. Ukisugua punje mkononi na zikakwaruzana kama kokoto badala ya kuteleza, muda umetosha. Osha, kisha anika kwenye vitanda vya wavu vilivyoinuka kwa wiki moja hadi tatu, ukigeuza mara kwa mara na kufunika mchana wa jua kali na usiku wa umande, mpaka unyevu ufike asilimia 10 hadi 12.

Makosa huonekana baadaye kwenye kikombe. Cheri ya kijani haina ute wa kutosha, hivyo mashine ya kumenya huiponda badala ya kuivua ganda, punje hujeruhiwa na kahawa huwa na ladha ya majani. Cheri iliyolazwa kwenye gunia hadi kesho huanza kuchacha ikiwa ndani ya ganda, joto hupanda, na hapo ladha ya siki haiondoki tena hata uoshe mara kumi. Iliyokauka kisha ikanyeshewa hupata ukungu. Mbuni ya Kenya mara nyingi hukusanya dosari hizi zote kwa pamoja, kwa kuwa ni zile zilizochumwa mwisho, zilizokaukia mtini au zilizoelea kwenye maji. Bei ya chini hutokana na hilo. Tunda zuri lililoiva sawasawa, likikaushwa zima kwa uangalifu, hutoa kahawa nzuri sana, na Wahabeshi wamefanya hivyo tangu zamani.

Kwa hesabu, kilo 6 hadi 7 za cheri hutoa takriban kilo 1 ya kahawa safi iliyokobolewa. Ukilinganisha bei ya cheri na bei ya mnada, gawanya kwanza bei ya mnada kwa 6 au 7, vinginevyo utadhani umeibiwa hata pale ambapo hujaibiwa.

Na ganda linalobaki lina majina yake mawili. Yemen hulikausha na kulichemsha kwa tangawizi, huliita *qishr*. Katika mikahawa ya Ulaya na Marekani huuzwa kama *cascara*. Yote mawili maana yake ni ganda, la kwanza kwa Kiarabu, la pili kwa Kihispania.

SWALI: Napika keki za kuuza. Kwenye makopo na chupa naona "maraschino", "glacé", "Kirsch", "Sauerkirschen". Wateja wangu wengi ni Waislamu. Zipi zina pombe? Na nifanyeje cheri zisizame chini ya keki? (Mpishi, Unguja)

Tuanze na hilo la pombe, maana majina haya yanapotosha.

*Maraschino* asili yake ni pombe. Katika pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo, kuna cheri chachu ndogo iitwayo *marasca*, jina lililotokana na *amaro*, chungu. Katika mji wa Zadar ilitengenezwa pombe kali tamu kutokana na tunda hilo, na kampuni ya Luxardo ilianzia huko mwaka 1821. Cheri zilizohifadhiwa ndani ya pombe hiyo ndizo za kwanza kuitwa cheri za maraschino. Lakini zile nyekundu kali za bei nafuu ni kitu tofauti. Marekani, katika miaka ya 1920, mtaalamu Ernest Wiegand wa chuo cha kilimo cha Oregon aliboresha njia ya kuzihifadhi kwenye maji yenye chumvi za kalsiamu, zinazofanya nyama ya tunda ibaki ngumu. Tunda hupaushwa kwanza mpaka liwe jeupe kidogo kuelekea manjano, kisha hutiwa sukari, rangi, na harufu ya lozi chungu. Hizo kwa kawaida hazina pombe. Jina limebaki, kilichomo kimebadilika, kwa hiyo soma orodha ya viungo na usitegemee jina kubwa la mbele. Likiandikwa neno *liqueur*, kuna pombe.

Hapohapo angalia rangi. E127, rangi nyekundu ya kutengenezwa, huruhusiwa Umoja wa Ulaya kwa cheri za aina hii tu. Marekani, mamlaka ya chakula na dawa ilitangaza Januari 2025 kuiondoa kwenye vyakula. E120 ni rangi inayotokana na wadudu, na wapo wateja watakaotaka kujua.

*Kirsch* ni kifupi cha *Kirschwasser*, "maji ya cheri" kwa Kijerumani, nayo ni pombe kali isiyo na rangi wala utamu. Keki ya *Black Forest* kwa Wajerumani, *Schwarzwälder Kirschtorte*, haikamiliki bila pombe hiyo. Ukipika kwa kichocheo chao, badala yake tumia maji ya kwenye kopo la cheri yaliyochemshwa yakapungua nusu, pamoja na matone mawili ya arki ya lozi isiyo na pombe. Ila *Kirschen* ni wingi wa *Kirsche*: cheri basi, hazina neno. *Sauerkirschen* ni chachu, *Süßkirschen* ni tamu, *entsteint* ni zilizotolewa kokwa. Neno la kuogopa kwenye chupa ni *wasser* likifuata *Kirsch*, au *Kirsch* likisimama peke yake.

*Glacé* ni Kifaransa: zimelowekwa kwenye shira nzito mpaka sukari imeingia hadi ndani. Hazina pombe.

Sasa kuzama. Cheri ya glacé ina shira inayoteleza juu yake, na tunda zima ni zito kuliko uji wa keki. Kwa gramu 200 za cheri fanya hivi: zikate nusu, zioshe kwa maji ya vuguvugu kwenye chujio mpaka zisinate, zitandaze juu ya kitambaa safi na uzikaushe kabisa. Chota vijiko viwili vya chakula vya unga kutoka kwenye unga uliokwisha kupima kwa ajili ya keki, usiongeze mwingine, uzigaragaze humo, kung'uta unaozidi, na uzichanganye mwisho kabisa. Uji uwe mzito kiasi kwamba ukiinua mwiko unadondoka kwa mafungu. Ukichuruzika kama uji wa mtoto, cheri zitazama hata uzifunike kwa unga gunia zima. Hapo tandaza theluthi ya uji bila cheri kwanza, kisha mimina uliobaki pamoja na cheri juu yake. Rangi ikivuja na kuacha miduara ya waridi ndani ya keki, hazikukaushwa vya kutosha.

SWALI: Shangazi yangu Dubai ananiletea "mahlab". Anasema ni cheri. Mimi naona mbegu tu zenye harufu ya lozi. (Msomaji, Mombasa)

Shangazi amesema kweli. Ni kiini cha ndani ya kokwa ya cheri mwitu mdogo, *Prunus mahaleb*, ambaye jina lake la kisayansi limechukuliwa kwenye Kiarabu hicho. Katika Ghuba mahlab huingia kwenye manukato ya nywele na mwili. Shamu, Ugiriki na Armenia huingia kwenye mikate ya sikukuu.

Nunua punje nzima, zenye rangi ya maziwa ya chai. Ndani yake kuna mafuta, na ya unga huanza kunuka kwa uvundo upesi, hasa kwenye joto la pwani. Saga unachohitaji tu kwa siku hiyo. Ziweke zilizobaki kwenye friza. Kwa nusu kilo ya unga wa ngano kijiko kimoja cha chai kinatosha. Ukizidisha mkate huwa mchungu, na uchungu huo hauondolewi na sukari.

Usijaribu kutengeneza mahlab yako kwa kupasua kokwa za cheri za kula. Viini vyake vina amigdalini, ambayo ikisagwa au kutafunwa hutoa sumu ya sianidi. Mtoto akimeza kokwa moja nzima kwa bahati mbaya, kwa kawaida hupita bila madhara. Hatari iko kwenye kuponda.

SWALI: Kwenye maduka ya huku cheri zimeandikwa "Bing" na "Rainier". Bing ni Kichina? (Msomaji, Minneapolis)

Ndiyo, na ni jina la mtu. Seth Lewelling alikuwa na kitalu cha miche Milwaukie, Oregon, na msimamizi wa vibarua wake alikuwa Mchina aliyejulikana kama Ah Bing. Mwaka 1875 mche mpya uliochipuka katika mistari ya kitalu ulipewa jina lake. Husimuliwa kwamba mwaka 1889 alisafiri kwenda China kuona jamaa zake na hakurudi tena. Sheria ya Marekani ya 1882 ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina. Tunda lenye jina lake likawa miongoni mwa cheri zinazouzwa zaidi Marekani, jambo linalostahili kutajwa kila jina hilo linaposomwa.

Rainier ni mlima wa jimbo la Washington. Aina hiyo ya manjano na waridi ilipatikana huko mwaka 1952 kwa kuzalisha Bing na aina nyingine iitwayo Van. Ngozi yake huonyesha kila mchubuko, kwa hiyo huchumwa kwa kushika kikonyo, na bei yake hupanda kwa sababu hiyo.

SWALI: Nina ua wa miti inayozaa tunda jekundu lenye mbavu kama kiboga kidogo. Majirani huita cheri. Je, ndiyo cheri yenyewe? Na kuna mcheri wa asili Afrika Mashariki? (Msomaji, Arusha)

Ulichonacho ni pitanga, *Eugenia uniflora*, ndugu wa mpera na mzambarau. Jina ni la Kitupi cha Brazili na lina maana ya wekundu. Ukichuma likiwa la machungwa lina ladha ya utomvu. Subiri liwe jekundu sana, lidondoke lenyewe ukiligusa. Vivyo hivyo acerola, ambayo nayo huuzwa kama cheri kwa wingi wake wa vitamini C: jina lake ni la Kihispania lililotoka kwenye Kiarabu *az-zu'rur*, tunda jingine kabisa.

Mcheri wa Ulaya unaweza kuota kwako lakini usiutarajie kuzaa. Aina nyingi huhitaji saa 700 hadi 1,200 za baridi chini ya nyuzi 7 kila mwaka ndipo vitumba vifunguke sawasawa. Kwenye ikweta hakuna msimu wa kutimiza saa hizo.

Mcheri wetu wa asili upo, na ni wa jenasi ileile ya *Prunus*. Ni *Prunus africana*, ambao Wakikuyu huuita mũiri, mti mrefu wa misitu ya milimani kuanzia Cameroon na Kivu hadi Kenya na Madagascar. Tunda lake ni chungu na ni la ndege na kima. Biashara iko kwenye gome, linalotengenezewa dawa ya tezi dume Ulaya, na uvunaji ulikuwa mkubwa kiasi cha mti kuwekwa mwaka 1995 chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kama unao shambani na mtu akaja kununua gome, dai kwanza kibali chake, kisha usimruhusu kuzungusha panga shina zima, maana mti hufa. Robo mbili za shina zinazotazamana huvunwa, robo nyingine mbili huachwa kwa miaka kadhaa mpaka gome la kwanza lirudi.